Kwaresima Niliyofunga Uongo

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Shangazi,

Sijui kama utaifungua barua hii ukiona mwandiko, maana mwandiko wangu unaujua na sura yangu huijui. Kama umeifungua, shikamoo.

Huku hatujambo. Mama bado anashona sare za shule sebuleni, na mwezi huu vitambaa vya bluu vimejaa hadi kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo mgeni akija anakalia mikono ya mashati. Baba bado anazunguka mitaani kusoma mita za maji, na mwaka huu wamemchagua tena mwenyekiti wa parokia. Goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari za daktari. Chumba cha bibi kimekuwa stoo ya vitambaa. Mimi nina miaka kumi na sita sasa. Sweta la kijani ulilonitumia halinitoshi tena ila bado ninalo.

Leo tumepakwa majivu. Kwetu, jioni ya siku hii, kila mmoja anataja mezani kwa sauti kitu atakachojinyima hadi Pasaka. Baba akasema sukari kwenye chai, kama kila mwaka. Mama akasema ataacha kuwasengenya wateja.

"Basi hutakuwa na la kuongea hadi Aprili," baba akamwambia, na mama akamrushia kitambaa cha mkono.

Kisha wakanigeukia. Nikasema, "Uongo. Nitaacha uongo."

Baba alicheka hadi akakohoa. "Wewe, Kimya? Wewe unayetoa maneno kumi kwa siku? Utadanganya saa ngapi?"

Kimya ndivyo wanavyoniita hapa nyumbani. Nilicheka na mimi. Huo ukawa uongo wangu wa kwanza wa Kwaresima, maana sikuona cha kuchekesha.

Watu wanadhani mtu mwenye haya hadanganyi. Shangazi, sisi ndio tunaodanganya kuliko wote. Nimeshiba. Sijambo. Sina swali, mwalimu. Hapana, haijauma. Yote hayo ni ya kuwafanya watu waache kunitazama, na nimeyasema mengi hata sihisi yakitoka. Lakini upo mmoja ninaouhisi. Majivu yalikuwa bado yanawasha kwenye paji la uso nikajua kwamba kama sitaanza na huo, hii yote ni mchezo wa kuigiza.

Barua ya mwisho uliyoipata kutoka kwa bibi, ile ya Oktoba kabla hajafariki, haikuwa ya bibi. Dole gumba chini ya karatasi ni lake. Maneno si yake. Ulisoma kwamba ni mafua tu, anaendelea vizuri, anakusalimu, usijisumbue na safari. Hakusema hata moja katika hayo. Alisema uje.

Niliandika mimi. Sitaji nani aliniambia niandike hivyo, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Tafadhali usinijibu nyumbani. Tumia sanduku la posta la shule. Mwalimu wa maktaba atanipa barua mkononi, yeye si mtu wa kuuliza.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


9 Machi

Marahaba.

Mimi mzima, mgongo tu. Hapa hospitali, kwenye chumba cha kufulia, mashine moja kati ya nne imekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi ya upasuaji tunayafua kwa mikono na dawa imetubabua vidole. Ndiyo habari ya huku.

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa aproni yangu siku kumi na moja. Niliisoma nimesimama karibu na mashine ya kukaushia, na msichana ninayefanya naye kazi akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia upo, lakini ni wa zamani.

Hongera kwa mfungo wako. Wengine wanaacha sukari, wewe umeacha uongo, na sasa unajisikia mwepesi, siyo? Ulichokitua wewe nimekibeba mimi. Wewe umefunga uongo siku arobaini. Mimi nimefungiwa ukweli mwaka mmoja na miezi minne.

Ile barua ninayo. Baba yako aliponitumia ujumbe wa maneno sita, na mazishi yameshapita, niliitoa nikaisoma upya. "Usijisumbue na safari." Nikasema, basi, hata mwisho wake hakutaka kuniona. Nimeishi na sentensi hiyo. Siku moja waliweka tangazo ukutani hapa kazini, "Usijisumbue kusubiri, dirisha limefungwa," nikalibandua na sijui nililitupa wapi. Kumbe ni sentensi ya mtoto wa miaka kumi na minne.

Aliyekutuma usinitajie. Kaka yangu namjua tangu ana meno ya utoto.

Nataka kujua alichosema mama. Chote. Na usinitafsirie. Andika kwa lugha yake, jinsi inavyosikika, hata kama hakuna shule iliyokufundisha kuiandika. Halafu nataka kujua ilikuwaje akatia dole kwenye karatasi ya namna hiyo. Mama hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga. Ilikuwa lazima asomewe kwanza.

Habari za haya zako kaa nazo.

Shangazi yako.


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo na pole na mashine. Huku baba ni mkali kwa sababu ya sukari, na kila Ijumaa kwenye Njia ya Msalaba goti lake linalia kila kituo, sisi watoto wa kwaya tunalisikia mpaka nyuma. Mama anashona hadi cherehani inapata moto. Hiyo ndiyo salamu, sasa nakujibu.

Mimi na bibi tulikuwa na utaratibu. Anasema sentensi moja kwa lugha yake, naigeuza Kiswahili kwa sauti, anatikisa kichwa, naandika. Tukimaliza namsomea barua yote kwa lugha yake tena, ndipo anagusa pedi ya wino wa muhuri ya baba na kutia dole. Barua zako zote miaka ile zilijibiwa hivyo.

Siku ile ilikuwa mchana, nimetoka shule. Alisema maneno mengi, akipumzika katikati. Tulikuwa tunakaribia mwisho baba akaingia na daftari lake la mita. Akaomba karatasi, akaisoma amesimama. Akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati, na tangu hapo sijaiona. Akaniita uani.

"Bibi yako ana homa," akasema. "Homa ndiyo inayoongea. Unataka shangazi yako aanguke presha njiani? Andika salamu."

Nikamwambia, "Atataka nimsomee."

"Si unayakumbuka aliyosema? Msomee hayo hayo."

Ndivyo nilivyofanya. Nilishika karatasi iliyoandikwa "mafua tu, usijisumbue na safari," nikaitazama mstari kwa mstari, nikapeleka macho kushoto kulia kama msomaji wa kweli, na mdomoni nikatoa maneno yake yote, yale ambayo hayakuwemo. Nilisoma vizuri, Shangazi. Nilisimama hata kwenye nukta. Bibi akaniambia, "Umeandika vizuri." Akatia dole. Wino ulikuwa mwingi, nikamfuta kidole kwa pindo la sketi yangu.

Aliishi wiki saba zaidi. Kila siku nikirudi shule alikuwa akiuliza kama umejibu. Nilikuwa nasema bado.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii nimeandika kwa lugha yake, jinsi inavyosikika. Ulikataza kutafsiri na kule sikutafsiri. Lakini hapa naandika kwa Kiswahili pia, kwa sababu barua hii ilitakiwa kuandikwa Oktoba ile na haijawahi kuandikwa:

"Mwambie mwanangu aje. Sina siku nyingi. Mwambie ile siku ya mvua alipobisha hodi na mtoto mgongoni, sikuwa nimelala. Nilikuwa nyuma ya mlango. Kaka yake alisema tukimfungulia, kanisani tutauweka wapi uso, na mimi mkono ulikuwa kwenye komeo. Alibisha mara nne. Nilihesabu. Najua anadhani ilikuwa hasira. Haikuwa hasira, ilikuwa woga. Mwambie aje nimfungulie mwenyewe, hata kama itabidi nibebwe."

Ndiyo yote. Nilipomuuliza ni mtoto gani, aligeukia ukutani. Shangazi, mtoto huyo yuko wapi? Mama anasema ulifukuzwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Basi ni mkubwa wangu kidogo tu?

Nimekwenda kwenye kitubio. Paroko alinisikiliza, akanipa Baba Yetu tatu. Nilizimaliza kabla sijafika kwenye benchi. Nilikaa pale nikingoja nione kama kuna kitu kimebadilika, na kilichobadilika ni kwamba magoti yalikuwa yanauma.

Nakungoja,
mtoto wa kaka yako.


Jumapili ya Matawi, 29 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Wiki mbili hakuna kitu. Mwalimu wa maktaba siku hizi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika mezani.

Wote hatujambo. Naandika haraka kwa sababu natamani hii ikuwahi. Pasaka ni wiki ijayo. Nimetimiza kila kitu, sijadanganya tangu Jumatano ya Majivu, hata mwalimu wa hesabu nilimwambia kwamba sielewi, darasa zima likaangua kicheko. Lakini kila nikipiga goti nakuona wewe, au naona mgongo wa mtu nisiyemjua anayefua mashuka.

Katika lugha tunayofundishiwa shuleni kuna neno moja dogo linalotosha kila kitu. Ukimkanyaga mtu unalisema, akifiwa unalisema hilo hilo, ukimharibia maisha hilo hilo. Kwa Kiswahili inabidi nichague, na mimi sitaki samahani wala pole. Nataka useme umenisamehe. Hata kwenye kipande cha karatasi, neno moja tu, nipate kuipokea Pasaka na moyo safi.

Nakuomba.


Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Marahaba.

Leo ni sikukuu lakini wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka, kwa hiyo niko zamu. Mashine iliyokufa bado haijafufuka.

Karatasi ya lugha ya mama niliisoma kwa sauti, peke yangu, kwenye chumba cha pasi. Umeiandika vibaya, hakuna neno lililokaa sawa, na ni yeye kabisa. Nilisikia hata anavyovuta pumzi kabla ya kunitaja. Kwa hilo ahsante, na naisema mara moja tu.

Halafu ikaja hii ya Matawi. Unataka neno kabla ya Jumapili. Kwani mimi ni sare ya mteja wa mama yako, niwe nimeshapigwa pasi Jumapili asubuhi?

Sikiliza. Miaka kumi na saba sijapokea komunyo. Huku hakuna aliyenikataza, hakuna hata anayenijua. Nakaa benchi la mwisho, wenzangu wakinyanyuka natazama visigino vya viatu vyao vinavyokwenda mbele. Kila mwaka naianza Kwaresima kama watu wengine. Napakwa majivu, nafunga, natembea nayo hadi Ijumaa kama ya leo, na hapa nakwama. Wenzangu wanaendelea hadi Jumapili. Mimi huko sijawahi kufika. Paroko wa huku anahubiri kwamba kaburi liko tupu, nami nakaa nikifikiria makaburi mawili ninayoyajua, na yote mawili yamejaa.

Habari za mtoto usiniulize.

Nikikuandikia leo kwamba nimekusamehe, nitakuwa nimekuandikia barua kama ile uliyoniandikia wewe. Ya salamu nzuri, dole chini, na ndani hamna. Ulikuwa mtoto na uliamrishwa na baba yako. Nalijua hilo. Kulijua hakunisaidii nikilala.

Tena nikuulize. Umeniambia mimi, niliye mbali, nisiyeweza kukutazama usoni. Aliye karibu umemwambia nini? Mama yako anajua? Baba yako anakunywa chai chungu mbele yako, anajua kwamba unajua, na asubuhi unampa shikamoo naye anaitika. Huo mfungo wa uongo unaufungia wapi, mwenzangu? Kwenye sanduku la posta?

Shangazi yako.


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatano baada ya Pasaka. Niliisomea chooni shuleni, kwa sababu ndiko kuna mlango wa kufunga. Nilikuchukia hadi kengele ilipolia. Kisha nikaona kwamba nakuchukia kwa sababu ya lile swali la mwisho.

Jumapili tulitoka kanisani, tukakaa kula watatu. Baba amerudishiwa sukari yake, vijiko vitatu. Nikasema, "Baba, nimemwandikia shangazi. Nimemwambia bibi alisema nini."

Mama akaacha kula. "Bibi alisema nini?"

"Kula," baba akasema. "Chakula kinapoa."

"Bibi yake alisema nini, nauliza?"

Nikayasema. Nilikuwa nakitazama kikopo cha chumvi. Nilisema habari za komeo na za mara nne, na karatasi iliyokunjwa, na jinsi nilivyomsomea bibi kitu ambacho hakikuwepo. Nilipomaliza mama akasema, "Sikusikii, mwanangu, unaongea na meza. Rudia." Kwa hiyo ikabidi niyaseme yote mara ya pili.

Baba hakupiga meza. Nilidhani atapiga. Alikoroga chai muda mrefu, kisha akasema taratibu, akimwambia mama na si mimi, "Ilikuwa Kwaresima. Ndiyo kwanza walikuwa wamenichagua kusoma masomo kanisani. Ningesimama vipi mbele ya watu?"

"Kwa miguu," mama akamjibu. "Kama wengine."

"Na marehemu naye alikuwa na mikono," baba akasema. "Komeo lilikuwa upande wake."

Alimaliza chai yake, akaenda kulala.

Mama hajaniuliza kitu tena. Ametoa vitambaa vyote kwenye chumba cha bibi na kuvirundika korido, hatuna pa kupita, na hasemi kwa nini. Baba ameacha kuniita Kimya. Ananiita jina langu la ubatizo, lote, kama karani anayesoma orodha.

Nilitaka kukwambia kwamba sijisikii mwepesi. Nilidhani toba ni kama kunawa. Nimesema kweli na nyumba imekuwa mbaya kuliko ilivyokuwa, na hakuna njia ya kuirudisha kama nilivyoikuta.

Safari hii sikuombi kitu.


2 Mei

Marahaba, mwanangu.

Mashine imetengenezwa. Fundi alikaa siku mbili, akatoa kwenye bomba pete ya ndoa na soksi tatu. Pete ni ya nani hatujui, tumeibandika kwenye ubao.

Mama yako alinipigia simu kazini. Namba aliipata wapi sijui. Tulisalimiana, kisha akasema chumba kiko wazi. Nikamshukuru. Sitakuja. Usiniulize mwaka gani.

Hilo la komeo kuwa upande wa mama, kaka yangu amesema kweli. Ameisema ili kujikinga, lakini ni kweli, na imeniuma kuliko yote kwa sababu nilikuwa naijua.

Kwenye bahasha kuna karatasi nyingine imekunjwa. Ni ya mama. Ni jibu la barua yake, limechelewa, nanyi mnajua kwa nini. Nimeiandika kwa lugha yake, nikafuata zile herufi zako mbovu ili uweze kuisoma. Nenda kaburini umsomee. Yeye hakujua kusoma, na aliyekuwa akimsomea ni wewe. Sina mwingine, na ningekuwa naye ningempa yeye.

Usiongeze. Usipunguze.

Shangazi yako.


17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Baba nilimwambia ninakokwenda, akasema nichukue mwavuli.

Nimekwenda leo baada ya misa. Kaburi la bibi liko mstari wa tatu kutoka ukutani, lina msalaba wa chuma ambao rangi imeanza kubanduka. Kulikuwa na mtu mmoja tu, mfanyakazi wa makaburini, anakata nyasi kwa mashine. Alipita karibu nami, akanikuta nimefungua karatasi, akaniuliza, "Unaongea na nani, binti?" Nikamwambia, "Na bibi yangu." Akasema, "Haya, msalimie," akaendelea na nyasi zake.

Nakuandikia hapa kwa Kiswahili nilichosoma, ujue kwamba hakuna nilichoruka:

"Mama. Nilijua uko nyuma ya mlango. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya vidole viwili na niliiona miguu yako. Ulikuwa peku. Nisingeiona ningeondoka baada ya hodi ya kwanza. Nilibisha mara nne kwa sababu niliiona. Mtoto alikuwa wa kike, alikuwa na paji lako la uso, na aliishi wiki tisa. Miaka yote ile nilipokuandikia habari za sabuni na mashuka nilikuwa nangoja uniambie ulikuwa pale. Ukaniambia, wakakunyang'anya maneno njiani. Sasa yamenifikia. Bado sijakusamehe. Huenda siku moja nitaweza. Leo siwezi, na sitakudanganya ukiwa huko."

Nilisoma kwa lugha yake, kama ulivyoandika. Nilipofika kwenye wiki tisa ilibidi nikae chini. Sikujua, Shangazi. Nilikuuliza kama ni mkubwa wangu.

Kisha nikafika pale uliposema bado hujamsamehe, na ulimi ukasimama. Hakuna aliyekuwa ananisikia, mashine ya nyasi ilikuwa inanguruma. Bibi alipenda barua ziishe na maneno mazuri, alikuwa akitikisa kichwa na kufumba macho. Na mimi najua jinsi ya kutazama karatasi na kusema kingine. Sijasahau inavyofanywa. Nilikuwa nimeshapata hata maneno ya kuweka badala yake, yalikuja yenyewe, kwa lugha yake, matamu kabisa.

Nikausoma mstari wako. Ulitoka mdogo sana, hata mimi sikuusikia vizuri. Kwa hiyo nikainuka nikausoma tena, kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuitoa maishani, hata yule mkata nyasi akazima mashine yake.